Wageni Watatu na Mwenyeji Mpya

Kabla sijaingia katika mada, hebu nikuulize jambo. Mzazi wako anapolipa karo, iwe benki au kwa simu, kisha mhasibu wa shule akatoa risiti, unadhani salio lako huandikwa wapi? Wengi mtajibu, "Ndani ya ile tarakilishi iliyo mezani pake." Kumbe sivyo! Ile ya mezani ni dirisha tu la kuchungulia. Daftari lenyewe limo katika chumba kidogo nyuma ya maabara ya tarakilishi, ndani ya mashine ambayo hata ukiingia na karabai hutaiona, maana haina chuma wala plastiki. Ni mashine pepe.

Neno "pepe" lisikutie hofu. Si pepo, wala hakuna haja ya kuita padri au shehe. Ni lile lile la barua pepe: kitu kinachofanya kazi ya kitu halisi bila kuwa na mwili wa kushikika.

Katika likizo ya Agosti 2025 shule yetu ilizihamisha mashine pepe zake tatu kutoka seva kuukuu hadi seva mpya. Mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili na pia wa chama cha tarakilishi, na kwa kuwa kwetu si mbali na shule, mwalimu wetu wa tarakilishi aliniruhusu nije nimshikie fundi tochi na kuandika daftari la kazi. (Tochi si mzaha. Chumba kile hakina dirisha hata moja.) Niliyoyaona siku zile, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo nitakayoyaeleza. Mhariri ameniomba nitumie Kiswahili ambacho hata asiyesoma somo la tarakilishi atakielewa. Nitajaribu, ingawa maneno mengine itabidi niyavike kanzu tu na kuyapitisha, kwa kuwa bado hayajapata kwao.

Tuanze na ploti. Fikiria zile ploti za vyumba vya kupanga tunazozijua mjini. Ploti ni moja, tangi la maji ni moja, mita ya stima ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango wake na kufuli yake, na yanayopikwa chumba cha tatu hayamhusu wa chumba cha kwanza. Seva ndiyo ploti. Prosesa, kumbukumbu na diski zake ndizo maji na stima. Mwangalizi wa ploti, yule anayegawa maji na kuzuia wapangaji wasiingiliane, ni programu iitwayo haipavaiza. Wapangaji nao ndio mashine pepe. Kila moja hujiona tarakilishi kamili: ina diski yake, kadi yake ya mtandao, hata saa yake, na haina habari kwamba ina majirani.

Wataalamu huiita seva mwenyeji na mashine pepe mgeni. Hapa Kiswahili hakikuhitaji kukopa kwa mtu, maana mambo ya mgeni na mwenyeji tumeyajua tangu jadi.

Ujuzi huu si wa jana. Kampuni ya IBM ilianza kuujaribu katika miaka ya 1960, wakati tarakilishi moja ilijaza chumba na bei yake haikusemeka, ikabidi watu wengi waigawane. Mwaka wa 1972 ikatangaza mfumo wa VM/370 kwa wateja wake. Baadaye tarakilishi zikawa nafuu na jambo hili likasahaulika kidogo, hadi kampuni ya VMware, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1998, ilipolirudisha kwenye mashine za kawaida. Microsoft nao wakatoa haipavaiza yao, Hyper-V, mwaka wa 2008. Hiyo ndiyo inayotumika hapa shuleni, kwa hiyo nitakayoyasema ni ya Hyper-V. Wenye VMware na wengineo wana majina yao, ila matatizo ni ndugu.

Wageni wetu ni watatu. Wa kwanza ana rekodi za karo. Wa pili ana alama za mitihani tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Wa tatu ni wa maktaba, anayeendesha Koha, ile programu ya bure ya wakutubi iliyozaliwa New Zealand na kuanza kutumika huko mwaka wa 2000. Huyu wa tatu sitamtaja sana kwa sababu hakutusumbua.

Sasa, mbona wahamishwe? Mwalimu mmoja, ambaye kwa heshima simtaji, aliuliza hivyo hivyo: "Kama inafanya kazi, ya nini kuigusa?" Ni swali la haki, na ningependa kulijibu vizuri kwa sababu nimelisikia hata kwa wanafunzi. Mwenyeji wetu kuukuu alikuwa Windows Server 2012 R2. Microsoft waliacha kumtolea marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023, na baada ya hapo waliopata marekebisho ni waliolipia nyongeza. Nyufa mpya hugunduliwa katika programu kila mara. Kiraka kinapotolewa kwa matoleo mapya, mwizi naye hukisoma kiraka hicho na kujua ufa uko wapi. Katika toleo kuukuu ufa ule ule huenda upo, na wa kuuziba hayupo. Tena huyu si mpangaji, ni mwangalizi wa ploti nzima. Mwangalizi akihongwa, vyumba vyote vimekwisha.

Mwenyeji mpya ni Windows Server 2022, ambaye Microsoft wameahidi kumtunza hadi tarehe 14 Oktoba 2031. Leseni yake ya kiwango cha kawaida inaruhusu wageni wawili wa Windows. Sisi tunao wawili hasa, na yule wa maktaba ni Linux, hadaiwi. Kwa hiyo hesabu ilikubali.

Mtu anaweza kudhani kazi ni kubeba tu: nakili hapa, bandika pale, nenda nyumbani ukale. Nami nilidhani ndivyo itakavyokuwa. Ndipo fundi akanieleza mgeni ana mizigo gani. Mzigo mkubwa ni faili ya diski, ambayo jina lake huishia na VHDX. Ndani yake mna kila kitu ambacho mgeni ameandika. Kuna faili ndogo ya usanidi, inayosema mgeni huyu ana kumbukumbu kiasi gani, prosesa ngapi, kadi gani ya mtandao. Tena mgeni akiwa amelazwa bila kuzimwa, kuna faili ya hali yake, yaani yale aliyokuwa akiyawaza alipofumba macho. Hiyo ya mwisho fundi hakutaka hata kuiona. "Mgeni anayehama azimwe kabisa," alisema. "Ndoto za nyumba ya zamani zisimfuate."

Tatizo la kwanza lilikuwa katika ile faili ndogo ya usanidi. Kila mgeni wa Hyper-V ana namba ya toleo. Aliyezaliwa kwa 2012 R2 ana namba 5.0. Wa 2016 ana 8.0, wa 2019 ana 9.0, na wa 2022 ana 10.0. Mwenyeji wa 2022 hampokei mgeni aliye chini ya 8.0. Yaani wageni wetu wangebisha hodi wasiitikiwe, si kwa ubaya, bali kwa kuwa lugha yao imepitwa.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kupitia kwa mwenyeji wa kati, 2016 au 2019, ambao bado wanaikubali 5.0. Mgeni anafikia huko, anazimwa, anapandishwa namba kwa amri moja, kisha anaendelea na safari. Lakini kupandishwa huko hakuna kushuka. Mgeni wa 8.0 hawezi kurudi tena kwa 2012 R2 hata umbembeleze vipi. Njia ya pili ni kuiacha faili ya usanidi na kuchukua diski peke yake. Unamjengea mgeni chumba kipya kwa mwenyeji mpya, chenye kumbukumbu na prosesa kama za mwanzo, kisha unamwingizia diski yake ya zamani. Diski za VHDX zimekuwepo tangu Windows Server 2012, na wenyeji wote hawa wanazisoma. Uzuri wa njia hii ni kwamba kule kuukuu kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Likitokea la kutokea, unazima kipya na kuwasha kikuukuu.

Fundi alichagua ya pili, na nadhani alichagua vyema. Hatukuwa na seva ya tatu ya kufikia njiani, na kwa wageni watatu tu, kujenga vyumba vitatu si kazi. Kwa kampuni yenye wageni mia tano ningesema vingine.

Najua wapo watakaouliza kuhusu ule uhamisho wa ajabu, wa kumhamisha mgeni akiwa macho, akifanya kazi, bila mtu kutambua. Upo kweli. Mwaka wa 2005 watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Copenhagen walieleza walivyoihamisha mashine pepe iliyokuwa ikiendesha mchezo wa Quake 3 huku wachezaji wakiendelea kupigana. Mgeni alisimama kwa muda wa milisekunde 60 hivi, ambao ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Siri yake ni hii. Kumbukumbu ya mgeni hunakiliwa huku akiendelea kuibadilisha, ni kama wewe unanakili ubao na mwalimu bado anafuta na kuandika. Ukimaliza duru ya kwanza, unarudi kunakili yaliyobadilika tu. Duru ya pili huwa fupi, ya tatu fupi zaidi. Yakibaki machache sana, mgeni anasimamishwa, yale machache yanavushwa, na anaamka upande wa pili akiendelea na sentensi aliyoiacha. Microsoft waliweka jambo hili katika Hyper-V mwaka wa 2009.

Kwetu lisingewezekana. Pengo la matoleo ni kubwa mno, tena seva kuukuu ina prosesa ya Intel na mpya ina ya AMD. Mgeni aliye macho hawezi kuvuka kutoka Intel hadi AMD kwa njia hiyo, maana ni kama kumbadilishia mtu ubongo katikati ya sentensi. Aliyezimwa huvuka bila taabu. Na kwa shule, kuzima Jumamosi si msiba.

Basi Ijumaa tarehe 15 Agosti mhasibu akafanya jambo ambalo fundi alimwomba na ambalo mimi sikuelewa maana yake mara moja. Alipiga chapa orodha ya salio la kila mwanafunzi, akaandika kwa mkono namba ya risiti ya mwisho, akaweka sahihi. Karatasi tupu za kawaida. Zikafungiwa kabatini.

Jumamosi asubuhi tukafungua seva kuukuu kuangalia mafaili. Hapa ndipo pa kutulia, msomaji, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mgeni wa karo alikuwa na faili ya VHDX ya gigabaiti 180. Mtu mwenye haraka angeinakili hiyo na kusema kazi kwisha. Fundi akanionyesha kidole: tarehe ya mwisho ya kubadilishwa kwake ilikuwa Machi 2023. Lahaula! Mhasibu ameandika risiti juzi tu, iweje daftari lake halijaguswa kwa zaidi ya miaka miwili?

Pembeni kulikuwa na faili nyingine, ya gigabaiti 60, ambayo jina lake linaishia na AVHDX. Hiyo herufi A ndiyo yenye hadithi. Hyper-V ina kitu kiitwacho chekipointi. Kabla ya kufanya jambo la hatari, unaweza kuweka alama: "Mambo yalikuwa hivi." Tangu hapo ile diski kubwa haiandikwi tena. Kila kipya huandikwa katika faili ya pembeni, na mgeni anaposoma, haipavaiza humsomea zote mbili kwa pamoja kama daftari moja. Jambo la hatari likiharibika, unatupa ya pembeni na kurudi palepale penye alama. Ni msaada mkubwa kwa siku moja au mbili. Lakini aliyeweka alama ile Machi 2023 alienda zake na hakuiondoa, na kwa miaka miwili na miezi mitano kila risiti ya shule hii ilikuwa ikiandikwa katika kiambatisho.

Fikiria tungechukua ile kubwa tu. Mgeni angewaka vizuri kabisa kwenye seva mpya. Hakuna taa nyekundu ambayo ingewaka, hakuna kosa ambalo lingetokea kwenye skrini. Angekuwa tu amerudi Machi 2023. Wanafunzi wa vidato vya chini wasingekuwemo hata kwa jina. Na sisi wenye wazazi wanaolipa kidogo kidogo, elfu mbili leo, elfu tatu baada ya mavuno, tungeonekana hatujalipa kitu. Mnajua wenyewe kinachofuata orodha ya karo inaposomwa kwenye paredi. Kuna mwenzetu angetembea hadi nyumbani kutafuta risiti ambayo pengine ndugu yake mdogo aliichora ng'ombe.

Tiba yake ina jina baya. Katika Hyper-V ukitaka kuunganisha vitu hivyo viwili, unabonyeza palipoandikwa "futa", yaani futa chekipointi. Mtu mwoga hatabonyeza kamwe, na simlaumu. Lakini kinachofutwa ni ile alama tu. Yaliyo katika faili ya pembeni humiminwa ndani ya diski kubwa, zinakuwa moja. Kinachoua ni kinyume chake, yaani kuingia kwenye folda mwenyewe na kuifuta faili ya AVHDX kwa mkono ukidhani ni takataka. Neno ni lile lile, "futa", lakini moja ni harusi na lingine ni mazishi.

Hata hivyo fundi hakubonyeza papo hapo. Kwanza alimtoa mgeni mzima, pamoja na chekipointi yake, akamhifadhi kwenye diski ya nje, na diski hiyo akaikabidhi mwalimu mkononi. Ndipo akabonyeza. Kuunganisha kukachukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, tukanywa chai na kurudi na bado. Mwishowe ikabaki faili moja ya gigabaiti 210, yenye tarehe ya siku ile. (Haikufika 240 kwa sababu yaliyobadilishwa hukaa mahali pa yale ya zamani.)

Ya kunakili niyapitie upesi, ila kuna hesabu ndogo ambayo wapenzi wa hisabati wataifurahia. Diski zote tatu zilikuwa gigabaiti 400. Swichi yetu ya mtandao ni ya zamani, ya megabiti 100 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gigabaiti 400 ni megabiti 3,200,000, na ukigawa kwa 100 unapata sekunde 32,000, karibu saa 8 na dakika 53 bila kupumzika. Fundi akatoa kebo mfukoni, akaunganisha seva mbili ana kwa ana bila swichi, maana milango yao yote ni ya gigabiti moja. Hesabu ikashuka hadi dakika 53. Kwa kweli ilipita saa moja na nusu, kwa kuwa diski kuukuu hazikimbii kama karatasi inavyosema, lakini si haba.

Tulipokuwa katika diski ya pili, stima ikapotea. Betri ya akiba ikapiga kelele na kushikilia seva zote mbili hadi tulipozizima kwa utaratibu. Hatukupoteza kitu, na si kwa bahati. Tulikuwa tukinakili, hatukuwa tukihamisha. Faili ya asili ilikuwa palepale, na nusu iliyokuwa imefika upande wa pili ikatupwa, ikaanzwa upya stima iliporudi. Kila faili ilipomaliza, zilichukuliwa alama zake pande zote mbili: kuna hesabu iitwayo SHA-256 ambayo hupitia faili nzima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Biti moja ikibadilika, mfuatano unageuka kabisa. Nilisomewa tarakimu moja moja nikithibitisha kwenye daftari langu, mara tatu, na nilichoka, lakini zote zililingana.

Kujenga vyumba vipya kulikuwa na mtego mmoja. Hyper-V ina wageni wa kizazi cha kwanza na cha pili, wanaotofautiana jinsi wanavyoamka, na ukimwekea diski ya kizazi cha kwanza katika chumba cha kizazi cha pili hataamka. Wetu wote ni wa kizazi cha kwanza, fundi alikuwa ameandika mapema. Mtego mwingine ni kadi ya mtandao. Kwa kuwa chumba ni kipya, Windows huiona kadi kuwa mpya, na anwani aliyokuwa amepewa mgeni inabaki kwa ile kadi ambayo haipo tena. Ukiiandika upya, Windows hulalamika kwamba anwani hii ina mwenyewe. Unamwambia ndiyo, ichukue, na mambo yanaendelea.

Jumapili baada ya ibada mhasibu akaja na karatasi zake. Ndipo nikaelewa kazi yake ya Ijumaa. Alichagua majina hapa na pale, kidato hiki na kile, akalinganisha salio la kwenye skrini na lililopigwa chapa. Namba ya risiti ya mwisho ikawa ile ile. Fundi alimkataza jambo moja tu: asiandike chochote. Kusoma ruhusa, kuandika marufuku.

Nilipouliza kwa nini, ndipo nilipopata jibu ambalo sijalisoma kitabuni. Watu wengi hudhani kwamba maadamu seva kuukuu ipo, mlango wa kurudi uko wazi. Sivyo. Hadi Jumapili ile mlango ulikuwa wazi kweli: kitu kikikataa, tungewasha kikuukuu na Jumatatu hakuna ambaye angejua. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi mzazi wa kwanza atakapolipa na risiti moja kuandikwa kwenye seva mpya, ile kuukuu inakuwa imeachwa nyuma kwa risiti moja. Kufikia jioni imeachwa kwa arobaini. Ukirudi Alhamisi, unarudi bila wiki nzima ya malipo. Anayefunga mlango si fundi, ni mzazi wa kwanza kwenye foleni, naye hajui. Kwa hiyo kila jaribio lililofaa kufanywa lilipaswa kufanywa kabla ya foleni hiyo.

Hatari ya pili ni mbaya zaidi kwa kuwa haionekani. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Wageni wawili wenye jina moja na anwani moja wakiwa macho kwenye mtandao mmoja, tarakilishi ya mhasibu inaweza kuandika risiti hii huku na ile kule, na daftari likawa mawili, kila moja na nusu ya ukweli. Nani angewasha seva kuukuu, unauliza? Stima! Hyper-V kwa kawaida humwamsha mgeni aliyekuwa macho wakati mwenyeji alipozimika. Umeme ukipotea na kurudi, seva ambayo haijapangwa vizuri inaweza kuamsha wageni wake yenyewe usiku wa manane bila mtu chumbani. Kwa hiyo fundi aliwawekea wageni wa zamani agizo la kutoamka kamwe, akazima seva, akachomoa kebo ya mtandao na kuifunga kwa uzi. Mimi ndiye niliyeandika kibandiko: "USIWASHE. Muulize mwalimu wa tarakilishi."

Jumatatu tarehe 18 foleni ilikuwa ya kawaida. Windows ya wageni wawili iliomba ithibitishwe leseni upya, ikathibitishwa. Mkutubi alisema Koha inafunguka haraka kuliko zamani, ingawa sina kipimo cha kumuunga mkono. Mhasibu hakusema kitu, na fundi alichukulia hiyo kuwa sifa.

Kuna jambo moja halijakwisha. Mwenyeji ni mpya, lakini mgeni wa karo, kule ndani yake, bado ni Windows Server 2012 R2. Kumhamishia mgonjwa wodi mpya hakujamponya. Programu ya karo inapaswa kwanza ijaribiwe kwenye toleo jipya, na mwalimu amepanga jaribio hilo lifanywe kwa nakala, mgeni wa nne asiyeunganishwa na mtandao, likizo ya Desemba. Seva kuukuu ingali chumbani mle, imezimwa, uzi wake na kibandiko chake. Diski ya nje iko kabatini kwa mwalimu mkuu.